Lokole: Ufundi wa Kusema kwa Mti

Lokole ni ngoma ya gogo moja lililochimbwa ndani, isiyowambwa ngozi, ambayo watu wa bonde la mto Kongo wameitumia kwa vizazi vingi kupelekeana habari. Huchezewa pia, lakini kazi iliyoipa heshima ni kusema: kutangaza msiba, kuita watu mkutanoni, kumtaja mgeni aliye njiani, kumrudisha nyumbani aliyekwenda msituni. Miongoni mwa wote wanaoitumia, ambao ufundi wao umeelezwa kwa kina zaidi ni Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni ambao vijiji vyao vimepanga kingo za Kongo chini ya Kisangani, kupita Yakusu hadi Isangi, pale mto Lomami unapoingia.

Siku hizi wako wengi waliochoshwa na kioo cha simu. Mchoraji, mwandishi au mpiga picha aliyeacha kazi yake kwa muda mara nyingi hurudi kupitia vitu vya mkono: daftari na kalamu, kamera ya filamu, santuri, barua ya karatasi. Mwelekeo huo huitwa maisha ya analogi. Lokole inastahili kutazamwa upya wakati huu, kwa kuwa inaonyesha wazi ni kitu gani hurudi mtu anaporudia ufundi ulioachwa, na ni kitu gani kisichoweza kurudi kwa kununuliwa.

Ufundi huu umezaliwa na mahali pake. Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo, ni mji uliopo pale maporomoko ya Boyoma yanapoishia. Juu ya maporomoko mto huitwa Lualaba. Chini yake huitwa Kongo, na kutoka hapo vyombo hushuka takriban kilomita 1,700 hadi Kinshasa bila kukutana na poromoko. Msitu umefunga kingo zote mbili. Mto wenyewe ni mpana, na visiwa vyake virefu huficha ng'ambo. Katika nchi ya namna hiyo moshi hauonekani mbali, na mjumbe wa miguu hukwamishwa na vijito na madimbwi. Sauti peke yake ndiyo iliyo na njia iliyonyooka, hasa ikipita juu ya maji. Vijiji vya Walokele vilijengwa vikitazama mto na kufuatana ukingoni, hivyo kila kijiji kilikuwa na jirani wa kukisikia.

Mpelelezi Henry Morton Stanley aliposhuka mto huu mwaka 1877 alizikuta ngoma hizo zikifanya kazi, na alieleza kwamba kwa wanaozijua zinaeleweka sawasawa na maneno ya kinywa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo la maporomoko, na watu wake wakakiimarisha Kiswahili ukingoni hapo. Ndiyo maana Kisangani ya leo huuza na kununua kwa Kiswahili, na si kwa Lingala peke yake, huku Kilokele kikibaki lugha ya mto na ya nyumbani. Lokole ni jina la Lingala la chombo hicho. Maneno inayosema katika vijiji hivi ni ya Kilokele.

Utengenezaji wake huanza kwa kuchagua mti. Walokele wamependelea mti mwekundu wa jamii ya Pterocarpus, mgumu na wenye mlio, ambao unga wake umetumika pia kupaka mwili katika sehemu nyingi za Kongo. Gogo likishakatwa na kuchongwa kwa nje, fundi hutoboa juu yake matundu mawili ya pembe nne, kisha huyaunganisha kwa mwanya mwembamba. Hapo ndipo kazi ngumu huanza. Kupitia mwanya huo na matundu hayo, bila kulipasua gogo, hukwangua mti wa ndani kidogokidogo mpaka pabaki uwazi mkubwa wenye kuta za unene anaoutaka. Upande mmoja huchimbwa zaidi kuliko wa pili, ili midomo miwili ya mwanya isilingane unene. Mdomo mmoja ukipigwa hutoa sauti ya juu. Wa pili hutoa sauti ya chini. Wenyewe huita moja sauti ya kiume na nyingine sauti ya kike.

Ngoma za ngozi, kama zile za pwani ya Afrika Mashariki, hukazwa kwa kupashwa moto kila zinapolegea. Lokole haina cha kukaza. Sauti zake mbili ziko katika umbo la mti, na fundi aliyekwangua kupita kiasi hawezi kurudisha alichokiondoa. Kwa sababu hiyo hupima kwa sikio tangu mwanzo: huchimba, hupiga, husikiliza, huchimba tena. Kinachotafutwa ni sauti mbili zinazotofautiana kiasi kwamba mtu aliye mbali, katikati ya upepo na kelele za msitu, hawezi kuzichanganya. Vijiti vya kupigia navyo ni viwili, na vichwa vyao hufungwa mpira wa utomvu wa msituni ili pigo liwe la kujaa badala ya kugonga.

Namna mti unavyoweza kusema haieleweki bila kuijua lugha ya wenyeji. Kiswahili hutumia mkazo: barabara ya kupita magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa hutofautiana kwa silabi inayokazwa. Kilokele, kama lugha nyingi za Kibantu za msituni, hutumia toni. Kila silabi ni ya juu au ya chini, na kuigeuza ni kugeuza maana. Neno lisaka likitamkwa kwa sauti ya chini katika silabi zote tatu ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Zikipanda mbili za mwisho ni sumu. Sentensi isemayo kwamba mtu alitazama ukingo wa mto na isemayo kwamba alimchemsha mama mkwe wake hutenganishwa na toni tu. Mgeni anayejifunza lugha hii hulazimika kuwa mwangalifu sana mbele ya wakwe.

Mpigaji huchukua sentensi, huacha konsonanti na irabu zote, na kubakiza mpando na mshuko wa sauti pamoja na mwendo wake. Mdomo wa juu hupokea silabi za juu, mdomo wa chini silabi za chini. Kwa hiyo lokole haina alfabeti na haihusiani na alama za telegrafu za Morse, ambamo kila herufi ina nukta na mistari yake. Hutoa wimbo wa sentensi yenyewe, na msikilizaji hujaza maneno akilini. Yeyote anayejua Kilokele na misemo ya ngoma anaweza kusikia. Asiyejua lugha hiyo husikia mdundo mtupu, hata akiwa amesimama kando ya gogo.

Lakini ukiacha konsonanti na irabu, maneno mengi hubaki na sura moja. Mwezi, songe, na kuku, koko, yote mawili ni silabi mbili za juu. Mapigo mawili kwenye mdomo wa juu hayawezi kumwambia mtu ni lipi kati ya hayo, wala kati ya mengine chungu nzima yenye silabi mbili za juu. Mafundi wa ngoma walitatua tatizo hilo kwa kurefusha. Ngoma haisemi mwezi tu. Husema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku hutajwa kama yule mdogo aliaye kiokio. Muhogo ni ule unaobaki katika shamba lililolazwa. Mgomba wa ndizi za kupika ni ule unaotaka kuegemezwa nguzo. Kila jina hupewa mkia wake, na mikia hiyo haifanani toni. Msikilizaji aliyekosa pigo la kwanza hulipata neno katika la tano au la nane.

Misemo hiyo haitungwi papo hapo. Ni mali ya pamoja, iliyopokewa na kukaririwa, na kubadilisha hata silabi moja ni kuharibu mawasiliano. Ndani yake mna uangalifu wa watu waliotazama vitu vyao kwa muda mrefu. Aliyesema kwamba mgomba unataka nguzo alikuwa ameona mikungu mizito ikiangusha migomba. Aliyesema kwamba muhogo hubaki katika shamba lililolazwa alijua kwamba mazao mengine huisha na kuondolewa, na muhogo huendelea kungoja ardhini. Katika ngoma za bonde la Kongo, kumwambia mtu arudi nyumbani ni kuitaja miguu yake na kuiagiza ifuate tena njia iliyoijia, hadi ikanyage ardhi ya kijiji chao. Kumwambia asiogope ni kumwambia aushushe moyo uliompanda kinywani. Ushairi huu umezaliwa na hitaji la kueleweka.

Watu nao wana majina ya ngoma. Jina kamili la mwanamume wa Kilokele lina sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Mpango huo una hesabu yake. Wawili ambao majina yao yana toni zilezile huachana kwenye jina la baba. Wakilingana hata hapo, huachana kwenye kijiji cha mama. Kumwita mtu kwa ngoma, basi, ni kutaja ukoo wa pande zote mbili. Hakuna awezaye kuitwa akiwa peke yake, bila baba na bila ujombani. Wageni waliokaa muda mrefu walipewa majina yao pia, na Mzungu kwa ujumla alitajwa kama roho itokayo msituni.

Ujumbe una taratibu zake. Kwanza hupigwa mwito wa kuwataka watu wasikilize. Hufuata jina la anayeitwa, likirudiwa. Kisha huja habari yenyewe, nayo hurudiwa, na mwisho hupigwa alama ya kufunga. Saa nzuri ni alfajiri na jioni. Mchana wa jua kali hewa ya moto hupanda na kubeba sauti juu. Usiku hewa iliyo karibu na maji hupoa, na sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotea angani. Mchana lokole kubwa husikika kilomita 6 hadi 8, na katika utulivu wa usiku huweza kufika 10 au zaidi. Habari ya kwenda mbali hupokezwa: mpigaji wa kijiji cha pili huisikia, huirudia kwa gogo lake, na kijiji cha tatu huipokea. Siku ya msiba mkubwa mto wote ulijua kabla mtumbwi wowote haujafika.

Toni hizohizo zinaweza kupelekwa kwa mluzi au kwa baragumu. Hii ni dalili kwamba gogo ni mojawapo tu ya vinywa vya ufundi huu. Ufundi wenyewe umo katika lugha iliyopangwa kwa sauti mbili, na chombo huchaguliwa kulingana na umbali.

Mtu aliyeyaandika haya kwa upana zaidi ni John F. Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti aliyezaliwa mwaka 1914 na kufika Kongo mwaka 1938. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Yakusu, misheni iliyojulikana kwa hospitali yake, mwendo mfupi chini ya Kisangani, ambayo wakati huo iliitwa Stanleyville. Alishangaa siku alipokwenda kijiji kimoja bila kutoa taarifa, akakuta mwalimu, mhudumu wa afya na waumini wamekwisha kusanyika. Alipouliza aliambiwa ngoma ilimtangulia. Akaanza kujifunza, kwanza Kilokele, kisha toni, kisha misemo, na mwishowe vijiti. Mwaka 1949 alichapisha London kitabu Talking Drums of Africa, na mwaka huohuo utafiti mrefu uliolinganisha lugha za ngoma za Afrika ya Kati. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani. Alifariki mwaka 1992. Inasimuliwa kwamba mkewe alipotaka aje kula, alimpigia ngoma: alimwita roho wa msituni arejee katika nyumba ya Mzungu, kwa kuwa mwanamke mwenye chakula anamngoja.

Carrington alikadiria kwamba ngoma hutumia takriban maneno 8 kwa jambo ambalo kinywa hulisema kwa neno moja. Wageni waliomtangulia walidhani urefu huo ni mapambo, au ni tabia ya watu wapendao maneno. Alionyesha kwamba ndio unaobeba maana. Mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya kitabu chake, Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, alichapisha nadharia ya mawasiliano ambayo mitambo ya leo imejengwa juu yake. Sehemu mojawapo ya nadharia hiyo huonyesha kwamba penye kelele, ujumbe husalimika kwa kuongezewa sehemu za ziada zinazomwezesha mpokeaji kujaza kilichopotea. Shannon alilithibitisha hilo kwa hesabu, akiwaza nyaya za simu. Mafundi wa mto Kongo walikuwa wamekwisha kulitenda kwa mti, na ziada yao ilikuwa mikungu ya ndizi, mwezi na kuku.

Kufanana huko huleta swali kwa wanaosifu maisha ya analogi. Simu ya mkononi hubadilisha kila kitu kuwa alama mbili, sifuri na moja. Lokole nayo ina alama mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa kuhesabu alama, ngoma ya Walokele iko karibu na kompyuta kuliko redio ya zamani. Kwa hiyo tofauti kati ya maisha ya zamani na ya sasa haiwezi kuwa katika alama. Iko katika mahali ghala la maneno lilipo. Ghala la simu liko ndani ya mashine: ikiharibika, maneno hupotea, ikinunuliwa nyingine, maneno hurudi. Ghala la lokole liko katika vichwa vya watu wa vijiji vinavyofuatana. Gogo likioza, linachongwa jingine. Watu wanaojua misemo wakiisha, gogo zima linabaki samani.

Ndivyo ufundi huu ulivyopumzika, kama neno hilo linafaa. Katika miaka ya 1950, akiwa katika shule ya misheni ya Yalemba, Carrington mwenyewe aliona vijana wanaotaka kujifunza wakipungua. Shule ilifundisha kusoma na kuandika, na ilimeza saa ambazo mtoto angezitumia kusikiliza wazee. Redio ilileta habari za mbali zaidi. Vijana walihamia mjini, katika mitaa ambayo jirani hazungumzi Kilokele. Vita vilivyopita Kisangani, kuanzia uasi wa 1964 hadi mapigano ya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda mwezi Juni 2000, vilitawanya familia nyingi, na ufundi unaotegemea jirani hauwezi kustahimili jirani anapokimbia. Kisha ikaja simu ya mkononi, ambayo humfikia mtu mmoja, kwa siri, popote alipo. Kwa mahitaji ya kila siku ni bora, na hakuna sababu ya kumlaumu mvuvi anayeitumia kuuliza bei ya samaki.

Chombo chenyewe hakikupotea. Mwanamuziki Papa Wemba alikiingiza katika muziki wa mjini kupitia bendi yake ya Viva la Musica, iliyoundwa mwaka 1977. Makundi ya Kinshasa yaliyopiga muziki wa asili ya Wamongo, watu wa bonde la Kongo, kama Swede Swede, yalikipa nafasi ya mbele. Jina lake limekuwa nembo ya habari: shirika la Search for Common Ground lilipoanza kazi zake za redio na usuluhishi nchini Kongo mwaka 2001, lilijiita Centre Lokole. Yote haya ni heshima kwa gogo. Hata hivyo lokole ya bendi hushika mwendo wa dansi na haitaji jina la mtu. Chombo kimerudi na lugha yake haijarudi pamoja nacho.

Rekodi nazo zina mpaka wake. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizunguka misitu ya kaskazini ya Kongo mwaka 1952 na kunasa muziki wa watu wake, zikiwemo ngoma za Walokele. Mkanda ulihifadhi mdundo, mlio wa mti na hata umbali wa msitu. Haukuweza kuhifadhi usikivu. Mwanafunzi anayezisikiliza leo katika hifadhi za Tervuren, Ubelgiji, au Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, husikia juu na chini, haraka na polepole, na hapati habari hata moja mpaka akae na mtu anayeijua misemo. Kwa ufundi mwingi rekodi ni nusu ya safari; kwa huu ni hatua ya kwanza tu.

Kisangani ina mfano wa msanii aliyerudi baada ya kukaa mbali. Faustin Linyekula, mcheza densi na mtunzi wa maonyesho, alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakulia upande huo wa maporomoko. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, alikoanzisha na wenzake kundi la Gàara, mojawapo ya makundi ya mwanzo ya densi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alirudi Kongo na kuunda Studios Kabako mjini Kinshasa. Miaka michache baadaye alihamishia kazi yake Kisangani. Angeweza kuhamia Ulaya, ambako maonyesho yake yalikuwa yakialikwa. Alichagua mji usio na jumba kubwa la sanaa, akafanya kazi na vijana wa hapo. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi.

Mwaka 2011 alitunga onesho la mtu mmoja liitwalo Le Cargo. Linahusu safari ya kurudi Obilo, kijiji kilicho kando ya reli ya kilomita 125 inayounganisha Kisangani na Ubundu, kutafuta ngoma na densi alizozisikia utotoni usiku bila kuruhusiwa kuzijongea. Ngoma za Obilo si za Walokele, na onesho hilo si somo la misemo. Linafaa kutajwa hapa kwa jambo moja: mtu aliyekwisha kupata jina duniani alipotaka kuanza upya, alikwenda kwa watu waliokuwa bado wanakumbuka, na si kwenye kumbukumbu za maktaba. Kazi zake za baadaye zimeendelea kuutazama mwili wa binadamu kama hifadhi ya historia.

Kutokana na mambo hayo inawezekana kupanga hatua za kurudi. Ya kwanza ni sikio. Anayetaka lokole huanza kwa kusikiliza Kilokele kinavyopanda na kushuka, kabla ya kugusa kijiti. Ya pili ni misemo: kila jina na mkia wake, kwa kukariri, kutoka kwa mzee mwenye subira. Ya tatu ni majina ya watu, na hapo ni lazima kuulizana koo. Ya nne ni mwenzake wa upande wa pili wa maji, kwa kuwa ngoma isiyo na wa kuijibu ni kelele. Gogo huja mwisho. Wengi wanaorudia ufundi wa mkono huanza kinyume: hununua kwanza kamera, kalamu ya bei au ngoma, na kungoja ustadi ufuate. Ndiyo sababu vifaa vingi vya namna hiyo huishia kabatini.

Sifa hizi hazina maana kwamba lokole haina mapungufu. Haiwezi kusema siri, kwa kuwa ukingo mzima husikiliza. Huchelewa kupokea vitu vipya, kwa sababu kila kimoja hutaka mkia unaokubaliwa na wote. Haina faida kwa mtu aliyehamia Brussels au Toronto. Upungufu wa kwanza, hata hivyo, una upande wake mwema. Mpigaji anayejua kwamba kila kijiji kitasikia hupima neno lake, hutaja aliyekusudiwa kwa heshima ya wazazi wake wote wawili, na hurudia habari ili asiyesikia vizuri asipotoshwe. Ujumbe wa simu hufupishwa mpaka salamu hubaki herufi tatu, na nusu ya ugomvi wa siku hizi huzaliwa na ufupi huo.

Thamani ya kudumu ya lokole, basi, ni adabu ya kusema kwa urefu unaotosha kueleweka, mbele ya watu, kwa kumtambua anayeambiwa. Adabu hiyo inaweza kufundishwa hata mahali ambapo simu itaendelea kutumika, na ndiyo inayofanya ufundi huu ustahili kurejeshwa. Kazi ya kwanza ni kukusanya misemo na majina kutoka kwa wazee wa Yakusu, Yanonge na Isangi wangali hai, kwa sauti na kwa maandishi yenye toni, na kuiweka mikononi mwa watoto wanaosema Kilokele. Kisangani ina chuo kikuu, ina redio, na ina wazee hao kando ya mto uleule. Kuwakutanisha hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji watu waamue kukaa chini na kusikiliza.